Mhariri wa Kwanza ni Mwandishi: Mwanafunzi wa Kiswahili na Programu ya Kuandikia Katika Kisii na Nyamira

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mtumai cha nduguye hufa maskini. Methali hii huenda ikaonekana kuwa mbali na masuala ya tarakilishi, lakini inaafiki hali ya mwanafunzi wa Kiswahili anayeiandika tasnifu yake kwa kalamu, akaikunja kwapani na kuipeleka mjini kwa mpiga chapa. Huyu hatumai hata cha nduguye. Anatumai cha mtu asiyemjua, aghalabu kijana hodari wa vidole ambaye hakusomea sarufi ya Kiswahili wala hana wajibu wa kuijua. Makala haya yanashikilia kwamba kuhariri ni sehemu ya kuandika, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili asiyeweza kuihariri matini yake mwenyewe kwenye programu ya kuandikia amempa mtu mwingine, au ameipa mashine, neno la mwisho juu ya Kiswahili chake.

Nitajikita katika kaunti za Kisii na Nyamira kwa sababu mbili. Kwanza, ndiko nilikozaliwa na ndiko ninakofanyia utafiti wangu. Pili, wengi wanaoandika Kiswahili katika eneo hili wana Ekegusii kama lugha ya kwanza, na jambo hilo, kama nitakavyoonyesha, lina uhusiano wa moja kwa moja na yale ambayo programu ya kuandikia inaweza kuyaona na yale isiyoweza kuyaona.

Hali ilivyo

Elimu ya juu katika eneo la Gusii ina historia inayofahamika. Chuo Kikuu cha Kisii kilianza mwaka wa 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi, kikawa bewa la Chuo Kikuu cha Egerton mwaka wa 1994, kikawa chuo kikuu kishiriki mwaka wa 2007, na hatimaye kikapata hati ya kujitegemea mwaka wa 2013. Haishangazi basi kwamba mjini Kisii, na hata Keroka, Ogembo na Nyamira, vibanda vya kupiga chapa na kutoa fotokopi ni sehemu ya maisha ya mwanafunzi. Humo hupigwa chapa barua za kuomba kazi, mitihani ya shule, programu za mazishi na tasnifu za uzamili, zote kwa mikono ileile na kwa mwendo uleule.

Sina nia ya kuwabeza wapiga chapa. Kazi yao ni ya heshima, nao wamewafaa wengi ambao hawangemudu kununua tarakilishi. Hata hivyo, ni sharti tuulize ni nini hasa hufanyika matini ya Kiswahili inapoingia katika kibanda hicho. Aghalabu mashine imewekwa lugha ya Kiingereza. Kila neno la Kiswahili linalochapwa hupigiwa mstari mwekundu, kwa kuwa programu inalihesabu kuwa Kiingereza kilichokosewa. Ukurasa mzima huwa mwekundu mithili ya shamba lililoingiliwa na siafu. Mpiga chapa hufanya mojawapo ya mambo mawili: ama huikubali mapendekezo ya mashine pale yanapomjia, ama huuzima ukaguzi wote ili asisumbuke.

Mwanafunzi mwenye tarakilishi yake mwenyewe naye hayuko mbali na hali hiyo. Wengi wetu tumezoea kuandika Kiswahili juu ya utandu wa mistari myekundu na tumejifunza kutoiona. Hasara yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mstari mwekundu uliwekwa ili umwonye mwandishi. Unapokuwa chini ya kila neno haumwonyi mtu yeyote. Neno lililokosewa kweli na neno lililo sahihi hupata alama ileile, na jicho hujifunza kuyapuuza yote mawili. Chombo kilichokusudiwa kutusaidia huwa kimetufunza uzembe.

Mnakili na matini yake

Kwetu sisi wanafunzi wa fasihi suala hili si geni hata kidogo. Tendi za kale za Kiswahili zilitufikia kupitia mikono ya wanakili walioziandika kwa hati ya Kiarabu. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyeaga dunia mwaka wa 1945, aliwanakilia wataalamu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann kazi nyingi za ushairi. Kijuma hakuwa kalamu tupu. Alikuwa mshairi, mchongaji na mwanamuziki, na maarifa yake yalikuwa dhamana ya nakala zake. Hata hivyo wahakiki hadi leo hulazimika kulinganisha miswada, kupima neno kwa neno, na kuuliza ni lipi la mtunzi na ni lipi la mnakili. Tunafunzwa haya darasani katika somo la uhakiki wa miswada. Ajabu ni kwamba tukitoka darasani tunaikabidhi miswada yetu wenyewe kwa mnakili asiyekuwa na maarifa ya Kijuma, kisha hatulinganishi chochote.

Taipureta ilipokuja haikubadilisha sana uhusiano huo. Kosa likishapigwa liliganda karatasini. Kulifuta kulihitaji wino mweupe au ukurasa mpya. Kwa sababu hiyo kupiga chapa kulikuwa hatua ya mwisho, na kazi ya mtaalamu wa vidole. Mabadiliko ya kweli yalianza mwaka wa 1974, pale Butler Lampson, Charles Simonyi na wenzao katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, Marekani, walipounda programu iliyoitwa Bravo. Hiyo ilimwonyesha mwandishi ukurasa kwenye kiwambo kama utakavyotokea karatasini: herufi nzito zikiwa nzito, za mlazo zikiwa za mlazo. Simonyi alijiunga na kampuni ya Microsoft mwaka wa 1981, na mwaka wa 1983 programu ya Word ikatolewa. Programu karibu zote tunazozitumia leo zinafuata mkondo huo: unachokiona ndicho utakachokipata.

Maana ya mapinduzi hayo ni hii: kuandika na kusahihisha vilirudi kuwa kitendo kimoja, mikononi mwa mtu mmoja. Neno linaweza kuondolewa, aya kuhamishwa, sura kupangwa upya, bila gharama ya karatasi hata moja. Anayetumia programu ya namna hiyo kama taipureta, yaani anayeipelekea matini iliyokwisha ili inakiliwe tu, ameacha faida yake kuu.

Kiswahili hakikuachwa nyuma

Wapo wanaosema kwamba programu hizi ziliundwa kwa Kiingereza na kwa hiyo hazitufai. Dai hili halina mashiko. Mnamo Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake kutoka Uswidi walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia ambayo menyu zake zilikuwa za Kiswahili. Dkt. Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton, ambacho wakati huo ndicho kilichokuwa mlezi wa bewa la Kisii, alikuwa miongoni mwa waliotayarisha orodha ya maneno ya kukagulia tahajia ya Kiswahili katika OpenOffice. Katikati ya miaka hiyo ya 2000 Microsoft nayo ilitoa kiolesura cha Kiswahili cha programu zake. Kabla ya hapo, tangu miaka ya 1980, Prof. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, alikuwa akiunda mfumo wa kuchanganua mofolojia ya Kiswahili kwa tarakilishi, unaojulikana kama SALAMA. LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka wa 2010, hupatikana bila malipo na inaweza kukagua tahajia ya Kiswahili.

Katika miaka hiyohiyo sisi tulikuwa tukijadiliana vikali iwapo chombo chenyewe kiitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta. Mjadala wa istilahi una nafasi yake, nami sitaki kuupuuza. Lakini yafaa tukiri kwamba tumetumia nguvu nyingi kukipa chombo jina na nguvu kidogo mno kukitumia. Ni wangapi miongoni mwetu tuliowahi kubadilisha lugha ya ukaguzi iwe Kiswahili, au kuweka menyu za Kiswahili? Istilahi kama hifadhi, nakili, kata, bandika na tendua zimekwisha kuundwa na kuzoeleka, zinangoja watumiaji.

Lile ambalo mashine haioni

Baada ya kusema hayo, ni lazima tuelewe mipaka ya mashine. Kiswahili ni lugha ambishi bainishi. Kutokana na mzizi mmoja, -andik-, tunapata aliandika, hatukuandikiana, wameandikishwa, tuliyokuandikia na maumbo mengine mengi yasiyoweza kuorodheshwa yote. Kikagua tahajia kinachotegemea orodha ya maneno kitalijua neno waliandika na huenda kisilijue neno tuliyokuandikia, ingawa yote mawili ni sahihi. Ndiyo sababu mtazamo wa Hurskainen, wa kuifunza mashine kanuni za mofolojia badala ya kuijaza orodha, ulikuwa na umuhimu mkubwa kwa lugha za Kibantu. Mwanafunzi anapaswa kujua kwamba mstari mwekundu, hata lugha ikiwa imewekwa Kiswahili, ni swali tu: je, una hakika? Jibu ni la mwandishi.

Hatari kubwa zaidi ni pale mashine inaponyamaza. Lugha ya Ekegusii haina fonimu /l/, /p/, /f/, /v/ wala /z/. Mwandishi aliyelelewa katika lugha hiyo huweza kuandika r mahali pa l, b mahali pa p, au s mahali pa z. Lau kila kosa la namna hiyo lingezaa neno lisilokuwepo, kikagua tahajia kingelikamata. Sivyo ilivyo. Kalamu ikigeuka karamu, mashine haioni kosa, kwa kuwa karamu ni neno. Mahali pakigeuka mahari, hakuna mstari mwekundu. Kura na kula, zana na sana, pima na bima, yote ni maneno halali. Mtahiniwa anayeandika kwamba 'mhusika alishika karamu yake akaketi mahari palipotengwa' atapitishwa na mashine na kuaibishwa na mtahini.

Hali kadhalika upatanisho wa kisarufi. Sentensi 'kitabu hizo zimepotea' haina neno hata moja lenye kosa la tahajia. Kikagua tahajia kitaiona kuwa safi, ilhali mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuisahihisha. Hapa ndipo maarifa tuliyoyapata darasani yanapohitajika, na ndipo mpiga chapa na mashine wote wawili wanaposhindwa. Mwana-Gusii anayejua udhaifu wake wa kimatamshi anaweza kuiamuru programu imtafutie kila neno karamu, kila neno mahari na kila neno kura, ayakague moja baada ya jingine. Kazi ya nusu saa hiyo haiwezi kufanywa na mtu mwingine kwa niaba yake, kwa kuwa mtu mwingine hajui alichokusudia.

Upo upande wa pili wa suala hili. Chukulia mtafiti aliyekwenda Borabu au Bobasi kurekodi masimulizi ya wazee kwa Kiswahili, kwa nia ya kuchunguza athari za Ekegusii. Katika data zake msimulizi anasema karamu akimaanisha kalamu, na mtafiti ameandika hivyo kwa makusudi. Mpiga chapa mwema, kwa nia njema kabisa, 'anamsahihisha' mzee. Data imekufa, na hakuna atakayejua. Kosa la kwanza lilikuwa la kutosahihisha pasipostahili kuachwa. Hili ni la kusahihisha pasipostahili kuguswa. Mwenye uwezo wa kutofautisha mawili hayo ni mmoja tu: mwandishi mwenyewe.

Misingi ya kuhariri

Je, ni yapi basi ambayo mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kuyajua? Si mengi, wala hayahitaji shahada ya sayansi ya tarakilishi.

La kwanza ni kuweka lugha. Teua matini yote, kisha uiambie programu kwamba lugha yake ni Kiswahili. Dondoo za Kiingereza au za Ekegusii ziteuliwe peke yake na kupewa lugha yake, au ziondolewe katika ukaguzi. Baada ya hapo mistari myekundu itapungua, na iliyosalia itakuwa na maana. Maneno sahihi yasiyojulikana na programu, kama vile ukwapi, mwandamo au mofimu, yaongezwe katika kamusi ya mtumiaji ili yasisumbue tena.

La pili ni kudhibiti usahihishaji wa kiotomatiki. Programu iliyowekwa Kiingereza huibadilisha herufi i inayosimama peke yake kuwa I kubwa. Kwa mwanaisimu anayejadili kiambishi i, hilo ni balaa. Vilevile huweza kuanza neno kwa herufi kubwa baada ya kila kituo, hata kituo cha kifupisho kama taz., kwa kuwa inadhani sentensi imekwisha. Mambo haya yote yanaweza kuzimwa. Asiyejua kwamba yanazimika huishia kupigana na mashine ukurasa baada ya ukurasa.

La tatu ni mitindo. Wengi huandika kichwa cha sura kwa kuikoza wino na kuikuza herufi kwa mkono. Kichwa cha namna hiyo ni kichwa machoni petu tu. Kwa programu ni maneno ya kawaida. Kikipewa mtindo wa kichwa, programu itajua kwamba ni kichwa, itakitia katika yaliyomo pamoja na nambari ya ukurasa, na itasasisha nambari hizo kila matini inapobadilika. Mwanafunzi aliyewahi kuandika upya ukurasa wa yaliyomo mara nne usiku wa kuamkia kuwasilisha tasnifu anaelewa thamani ya jambo hili.

La nne linatuhusu sisi wa ushairi. Ubeti wa tarbia wenye ukwapi na utao hauwezi kupangwa kwa kubonyeza nafasi mara kumi na tano katikati ya mshororo. Fonti ikibadilika, vipande vyote huyumba. Mpangilio huo utengenezwe kwa kibonye cha Tab kilichowekewa kipimo, au kwa jedwali lisilo na mistari. Aidha, mshororo si aya. Kibonye cha Enter huanzisha aya mpya. Enter pamoja na Shift huanzisha mstari mpya ndani ya aya ileile. Ubeti ukiandikwa kwa njia hii ya pili hubaki kitu kimoja, na ni rahisi kuuzuia usikatwe nusu kati ya kurasa mbili.

La tano ni kutafuta na kubadilisha. Hiki ni chombo chenye makali ya kutahadhari, hasa katika lugha ambishi kama yetu. Mwanafunzi akiamua kwamba kila palipo mtu paandikwe binadamu, kisha akaiamuru programu ibadilishe yote kwa mkupuo, mtume atageuka binadamume na mtumwa atageuka binadamumwa. Akibadilisha kula kuwa kura, kulala kutageuka kurala. Programu inaweza kuagizwa itafute maneno kamili pekee, lakini hapo itayaruka maumbo kama walikula. Dawa ni kubadilisha moja moja, kwa kulitazama kila tukio katika muktadha wake.

La sita ni kufuatilia mabadiliko. Programu ikiwekwa katika hali hii, kila kinachoongezwa na kila kinachofutwa huonekana kwa rangi, pamoja na jina la aliyefanya hivyo. Msimamizi anaweza kuandika maoni pembeni. Mwanafunzi anaweza kukubali au kukataa kila badiliko. Nionavyo mimi, hiki ndicho chombo chenye manufaa makubwa kuliko vyote katika usomi, kwa kuwa kinahifadhi haki ya mwandishi na kumbukumbu ya mjadala. Hata ikibidi mpiga chapa aiguse matini yako, mwambie aiwashe hali hiyo kwanza. Ukirudi utaona alichokigusa.

La saba ni kuhifadhi. Nyanda za juu za Gusii zinajulikana kwa mvua ya radi ya alasiri, na radi na stima havipatani. Hifadhi kila baada ya aya chache. Weka nakala katika flashi na nyingine katika barua pepe yako. Lipe kila toleo jina lenye tarehe, badala ya kuwa na mafaili matano yanayoitwa 'ya mwisho', 'ya mwisho kabisa' na 'ya mwisho ya kweli'.

Hatimaye, yote yakiisha, chapa nakala moja karatasini uisome kwa sauti. Wachongaji wa Tabaka huisugua sanamu ya jiwe kwa msasa na maji baada ya kumaliza kuchonga, na hapo ndipo mikwaruzo ambayo macho hayakuiona hujitokeza. Sikio nalo husikia mahari ambapo jicho liliona mahali.

Majibu kwa wapinzani

Kuna hoja tatu ambazo hutolewa dhidi ya msimamo huu. Ya kwanza ni kwamba kazi ya mwanafasihi ni fikra, na kwamba kuchapa ni kazi ya karani. Hoja hii inadhania kwamba fikra hukamilika kichwani kabla ya kuandikwa. Yeyote aliyewahi kuihamisha aya kutoka mwisho wa sura hadi mwanzo wake, akagundua kwamba hoja yake imebadilika, anajua kwamba sivyo. Kuhariri ni kufikiri.

Hoja ya pili ni umaskini. Tarakilishi ni ghali, nayo stima haijafika kila boma. Sikatai. Lakini gharama ya kumlipa mpiga chapa kwa kila ukurasa, kisha kwa kila marekebisho anayoyadai msimamizi, si ndogo, na mwishowe mwanafunzi hana chombo wala ujuzi. Vyuo vina maabara za tarakilishi, na programu huria ni za bure. Mwanafunzi anaweza kukodi mashine kwa saa katika saiba akaketi mwenyewe mbele yake badala ya kusimama nyuma ya mgongo wa mwingine. Wengi siku hizi huandika kwenye simu. Huko nako lugha ya kibodi inaweza kuwekwa Kiswahili, na mapendekezo yake yanaweza kukataliwa.

Hoja ya tatu ni mpya. Wapo wanaosema kwamba programu za akili unde sasa zinaweza kusahihisha, na hata kuandika, matini nzima ya Kiswahili, kwa hiyo kujifunza kuhariri ni kupoteza wakati. Nionavyo, hoja hii inaunga mkono msimamo wangu badala ya kuupinga. Programu hizo hutoa Kiswahili laini ambacho huenda kisiwe na kosa la tahajia hata moja, na bado kikawa si chako, hakielewi data yako, na kimemsahihisha yule mzee wa Borabu bila kukuuliza. Kadiri mashine inavyozidi kusema kwa niaba yetu ndivyo tunavyozidi kuhitaji jicho la mhariri aliyesoma sarufi.

Mapendekezo na hitimisho

Ninapendekeza mambo matatu. Mosi, idara za Kiswahili zisiliache somo hili kwa kozi za jumla za tarakilishi ambazo mifano yake yote ni ya Kiingereza. Saa sita tu katika muhula, zikifundishwa na mhadhiri wa Kiswahili juu ya matini ya Kiswahili, zingetosha kwa misingi niliyoitaja. Pili, vyama vya wanafunzi kama hiki chetu vikusanye orodha moja ya istilahi za isimu na fasihi, zilizohakikiwa kwa kamusi, ambayo kila mwanachama ataiingiza katika kamusi ya programu yake. Kazi hiyo haihitaji fedha. Yahitaji wikendi mbili na watu kumi wenye bidii. Tatu, tuwaendee wapiga chapa wa Kisii, Keroka na Nyamira kama washirika. Kuwaonyesha namna ya kuweka lugha ya Kiswahili ni kazi ya dakika tano, na manufaa yake yatamfikia hata mwalimu wa shule ya msingi anayepeleka mtihani wake pale.

Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza. Urasmi huo hauishii katika vifungu vya sheria. Unaishi katika barua, ripoti, mitihani na tasnifu zinazochapwa kila siku katika vibanda vya miji yetu. Ikiwa sisi tuliojitolea kuisomea lugha hii hatuwezi kuiandika na kuihariri kwa mikono yetu wenyewe, ni nani tunayemtarajia aifanye kazi hiyo? Mwandishi ndiye mhariri wa kwanza wa matini yake. Wengine wote, msimamizi, mtahini, mchapishaji na mashine yenyewe, waje baada yake.